Disasi Makulo, mtoto wa Asalo na Boheheli

Katika makanisa yetu ya Lubunga na ya ng'ambo ya pili ya mto, wazee wangali wanalitaja jina la Grenfell, mmisionari Mwingereza wa kundi la Wabaptisti. Jina la Disasi Makulo husikika kidogo tu, ingawa kazi iliyofanywa upande wa Basoko ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mikono yake. Safari hii tunataka kumwandika yeye. Tuna sababu. Tangu mwaka 2023 vita kati ya ndugu zetu Walengola na Wambole vimeleta hapa Lubunga jamaa nyingi zilizokimbia vijiji vyao, na kati yao wako wanaotafuta mtoto, shangazi, baba mkubwa, wasijue walielekea barabara gani. Habari ya Disasi ni habari ya mtoto wa namna hiyo.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 katika kijiji cha Bandio, kabila la Waturumbu, pande za Basoko. Baba yake aliitwa Asalo, mama yake Boheheli. Tunaomba msomaji ayashike majina hayo mawili, kwa kuwa tutayarudia. Jina Disasi, kwa sikio la Mswahili, lina mlio wa risasi, na kweli ni bunduki iliyoyageuza maisha yake.

Mwaka 1883 wavamizi wa pembe za ndovu na watumwa walifika kwao. Watu wa mto waliwaita Batambatamba. Walikuwa wametoka mashariki, Nyangwe na Kasongo, chini ya wafanyabiashara wa pwani, na hapo mbele walikuwa hawajawahi kushuka chini ya maporomoko yetu kwa nguvu kama hizo. Makulo alikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Walimkamata pamoja na watu wa ukoo wake. Yeye mwenyewe, hata uzeeni, alisema kwamba bwana wake alikuwa Tippu Tip. Stanley, aliyepanda mto kwa meli zake mwezi wa Novemba mwaka huohuo na kuikuta kambi ya wavamizi, aliandika kwamba walikuwa watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe. Sisi hatuoni haja ya kugombana juu ya hilo. Kwa mtoto mwenye mnyororo shingoni, Batambatamba wote walikuwa na jina moja, na jina lililovuma lilikuwa la Tippu Tip.

Stanley alihesabu vijiji 118 vilivyoharibiwa na mateka wapata 2,300 katika kambi ile, karibu wote wanawake na watoto. Wanaume walikuwa wameuawa ao wamekimbilia msituni. Kila mtu wa Tshopo anayesoma hesabu hizo ajiulize jamaa yake ilikuwa wapi mwaka ule. Wengi wetu hatuwezi kujibu, na sababu mojawapo ni hiyo kambi.

Stanley akanunua watoto kadhaa, Makulo akiwa mmoja wao, kwa vitambaa na chumvi. Hapa tusipambe habari. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba Stanley alimkomboa. Ni kweli kwamba mnyororo ulifunguliwa, lakini mtoto alilipiwa bei kama mzigo wa sokoni, kisha akapelekwa mbali zaidi na mama yake, siyo karibu. Meli ilimshusha mpaka Kinshasa, mamia ya kilometa kutoka Bandio, na hakuna aliyemwuliza kama alitaka kwenda. Huko aliwekwa mikononi mwa Swinburne, kijana Mwingereza aliyesimamia kituo. Swinburne alimtendea vizuri. Alipoondolewa kazini, mtoto akakabidhiwa kwa George Grenfell.

Kwa Grenfell alikaa miaka mingi. Alijifunza kusoma, alisafiri katika meli ya misioni iliyoitwa Peace, na akakulia katika nyumba ya Bolobo, kituo kilichofunguliwa mwaka 1888. Mama wa nyumba ile, Rose, mke wa Grenfell, alikuwa mwanamke mweusi mwenye asili ya Jamaika, yaani mzao wa watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Vitabu vya misioni humpa nafasi ndogo sana. Sisi tunafikiri mtoto aliyetoka utumwani alimtazama kwa macho mengine.

Katika safari moja ya kupanda mto, Makulo alifika tena pande za kwao na kuwakuta wazazi wake wangali hai. Walikuwa wamekwisha kumhesabu kati ya wafu. Aliwezaje kuwapata? Hakuwa na karatasi wala picha. Alikuwa na jina la kijiji, jina la Asalo, jina la Boheheli, na lugha ya kwao ambayo hakuiacha ijapokuwa aliishi na Wabobangi na Waingereza. Ni hayo tu. Jamaa ilifurahi, nao walitaka abaki. Hakubaki. Alirudi melini, na tunaamini uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa kuwa baadaye maisha yake yote yaliinama upande wa nyumbani.

Alibatizwa mwaka 1894. Akaanza yeye mwenyewe kukusanya watoto yatima na waliotoka utumwani, akiwalea kama alivyolelewa. Ilipofika mwaka 1902 Grenfell alimruhusu kufungua kazi Yalemba, karibu na pahali Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa. Ndivyo mtu aliyechukuliwa mnyororoni alirudi pande zilezile akiwa mwalimu. Ilikuwa miaka mibaya. Serikali ya mfalme Leopold ilikuwa inadai mpira, askari walipita vijijini, na watu walikimbia tena msituni kama walivyowakimbia Batambatamba. Julai 1, 1906 Grenfell alikufa kwa homa huko Basoko, na wanafunzi wake wa zamani, Disasi kati yao, ndio waliokuwa karibu naye. Alizikwa hukohuko.

Tuseme neno moja juu ya lugha. Kiswahili tunachoandikia habari hii kilifika Kisangani katika misafara ileile iliyomfunga Makulo. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, yakapigwa chapa huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo yanasomwa kama kitabu cha heshima. Mtoto wa Bandio alingoja zaidi. Uzeeni, kabla ya kufa kwake mwaka 1941, alimweleza mwana wake habari zote, na huyo mwana, Makulo Akambu, akaziandika. Kitabu kilitoka Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa, katika nyumba ya uchapaji ya Saint Paul Afrique. Ndiyo, Wakatoliki ndio walioyachapa maisha ya mkatekista wa Wabaptisti, nasi tunawashukuru. Baadaye David Van Reybrouck, Mbelgiji, aliitumia habari hiyo katika kitabu chake kikubwa cha historia ya Kongo, na sasa Asalo na Boheheli wanajulikana Ulaya kuliko Lubunga.

Kila tunapoandikisha jamaa zilizokimbia, tunauliza kwanza jina la nyumbani la mtoto, si lile la shule. Kisha jina la baba, la mama, la kijiji, la kijito kinachopita karibu, na lugha anayolia nayo. Watoto wadogo sana tunawaomba wayakariri. Mama mmoja alituambia kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Tulikubali, tukaandika hata hivyo.

Daftari iko kwa katibu wa kanisa. Tunatafuta pia jamaa za uzao wa Disasi, na za wale watoto aliowalea Yalemba, wanaokaa Basoko, Yangambi ao hapa Kisangani kwenye kingo zote mbili. Wenye majina ya wajukuu na vitukuu wayalete, hasa wale ambao wazee wao wangali wanasema.