Kivuli, mhubiri aliyeipa ngoma nafasi kanisani

ANAYESUBIRI matatu kituoni Nyamasaria asubuhi ya Jumapili, pale barabara ya Nairobi inapouacha mji wa Kisumu na kuelekea Ahero, huenda akasikia ngoma kabla ya kumwona mpigaji. Kisha hutokea bendera, na nyuma yake msafara wa watu waliovaa kanzu nyeupe na vilemba, wakiimba na kutembea kwa hatua za kufuata mdundo. Madhehebu yenye desturi hii ni mengi katika ukanda wa Ziwa Victoria, na mpita njia si rahisi ayatofautishe. Lakini ukimtafuta aliyefanya mengi kuliko wengi kuupa msafara huo heshima yake, utaelekezwa kwenye vilima vya Nyang'ori vilivyo kaskazini mwa mji, na kwa jina la marehemu Paul David Zakayo Kivuli.

Kivuli alizaliwa mwaka wa 1896, wakati ambapo reli kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika ziwani. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na misheni ya Nyang'ori, iliyokuwa chini ya Wapentekosti kutoka Canada wakiongozwa na Otto Keller na mkewe Marian. Hapo ndipo alipopata elimu yake, akabatizwa, na hatimaye akaaminiwa kuwa msimamizi wa shule za misheni hiyo. Katika enzi ile, hicho hakikuwa cheo kidogo kwa Mwafrika. Kilimpa mshahara, sauti mbele ya wazungu na heshima vijijini.

Mwaka wa 1932 alipata tukio ambalo yeye na wafuasi wake walilitaja daima kuwa ndilo lililobadilisha maisha yake: kushukiwa na Roho Mtakatifu. Tangu hapo alihubiri kwa ari mpya, akiombea wagonjwa na kuwahimiza watu waziungame dhambi zao hadharani. Umati ulimfuata.

Ili kuelewa kilichofuata, yafaa tukumbuke jinsi ibada za misheni zilivyokuwa. Nyimbo nyingi zilikuwa tafsiri za tenzi za Ulaya na Marekani, zikiimbwa kwa sauti zile zile za kigeni. Sasa, Kiluhya na Kijaluo ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Ukilazimisha maneno yake kufuata muziki uliotungiwa Kiingereza, neno linaweza kugeuka likawa jingine, au likakosa maana kabisa. Watu waliimba kwa utiifu, ila furaha ilikuwa haba. Ngoma nayo ilishukiwa na wamishonari wengi, kwa kuwa waliihusisha na matambiko, pombe na densi za usiku. Ajabu ni kwamba kitabu walichokitafsiri wao wenyewe kina zaburi zinazoamuru Mungu asifiwe kwa matari na kucheza.

Mwaka wa 1942 Kivuli alijitenga na kuanzisha kanisa lake, African Israel Church Nineveh, naye akawa Kuhani Mkuu wake. Makao yake makuu yaliitwa Nineveh, jina la mji ule uliotubu baada ya mahubiri ya nabii Yona. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Alikuwa akiiacha nyumba iliyomlea, pamoja na kazi na cheo, bila hakika ya kesho. Tena kipindi chenyewe kilikuwa cha hatari. Miaka minane tu kabla yake, Januari 1934, shemasi Alfayo Odongo Mango wa Musanda, kiongozi wa vuguvugu la Roho, alikuwa ameuawa katika ghasia zilizochanganya mzozo wa ardhi na ule wa dini. Serikali ya kikoloni iliwatazama kwa jicho kali Waafrika waliokusanyika kwa wingi wakiwa na ngoma na bendera.

Kivuli hakuleta muziki wa vurugu. Kanisa lake lilikuwa na masharti makali: pombe marufuku, tumbaku marufuku, nyama ya nguruwe marufuku, na hata samaki asiye na magamba haliwi. (Kwa mkazi wa ufuoni mwa ziwa, kumwacha kambare na mumi ni kafara ya kweli.) Ijumaa nayo ilitengwa kuwa siku takatifu, sambamba na Jumapili, na ndiyo siku ya kuungama. Mwumini aliyekwisha kujinyima hivyo aliruhusiwa kufurahi kwa mwili mzima.

Na furaha hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mwimbishaji hutupa mstari, wengine huudaka na kuujibu. Ngoma hushika mwendo, kengele hujibizana nayo. Asiyejua kusoma hahitaji kitabu, kwani baada ya kusikia kiitikio mara mbili tayari ni mwanakwaya. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo sababu kubwa iliyolifanya kanisa lililozaliwa miongoni mwa Waluhya kuvuka haraka hadi kwa Wajaluo. Msafara ulipopita barabarani, mlango wa kanisa ulikuwa umewafuata watu walipo, na lugha ya jirani haikuwa kizuizi.

Kivuli alifariki mwaka wa 1974. Mjane wake, Mama Rabeka Jumba Kivuli, alishika uongozi, jambo ambalo makanisa mengi makubwa ya nchi hii yasingelikubali wakati huo. Mwaka wa 1975, chini ya mama huyo, kanisa lilipokewa kuwa mwanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likaketi meza moja na madhehebu ya wale waliowahi kuikataza ngoma. Baadaye uongozi ulimwangukia mjukuu wao, John Mweresa Kivuli wa Pili.

Leo ngoma hulia hata katika makanisa ya Kianglikana na ya Kikatoliki mjini Kisumu, na hakuna anayeuliza nani aliiruhusu.