Maisha ya Guglielmo Marconi, Fundi wa Simu ya Upepo

Siku hizi katika nyumba nyingi za wazazi wetu mna waifai, na katika nyingi za nyumba hizo mna ubishi mmoja. Sebuleni intaneti yaenda vizuri. Katika chumba cha nyuma, pale mwanafunzi anapotaka kujisomea, hapana kitu. Baba hununua kile kifaa kidogo cha kuongeza masafa, akakichomeka ukutani katika chumba kile kile kisichopata kitu, na mambo yakabaki vile vile. Kabla hakijarudishwa dukani, yafaa tusome habari za kijana mmoja wa Italia ambaye taabu hii ya mawimbi yasiyofika mbali ilimpata nyumbani kwa baba yake, zaidi ya miaka 125 iliyopita.

Guglielmo Marconi alizaliwa mjini Bologna tarehe 25 Aprili, 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mtu wa mali mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo mashuhuri wa watengenezaji wa wiski. Masomo ya kijana huyu hayakuwa ya kujivunia, na chuo kikuu hakuingia kama mwanafunzi. Lakini Profesa Augusto Righi wa Bologna, aliyekuwa jirani, alimruhusu kusikiliza masomo yake.

Mwaka 1894 alifariki Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwamba mawimbi ya umeme hupita hewani bila waya. Marconi, mwenye miaka 20, alisoma habari za marehemu, na tangu hapo hakuwaza jambo jingine ila kuyatumia mawimbi hayo kupeleka habari.

Alijifungia darini katika nyumba yao, Villa Griffone, huko Pontecchio. Usiku mmoja alimwamsha mama yake, akampandisha juu, akabonyeza kitufe upande mmoja wa chumba. Kengele ikalia upande wa pili, na kati yao hapakuwa na waya. Mama alifurahi. Baba alidhani mwanawe anapoteza wakati, ila baadaye alifungua mfuko.

Mwaka 1895 akatoka nje na vyombo vyake, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mawimbi yalikwenda kidogo tu yakafifia. Marconi aliinua waya juu ya nguzo, na ncha nyingine ya mtambo akaifukia ardhini. Kadiri alivyoinua waya, ndivyo habari zilivyofika mbali zaidi. Mwisho ndugu yake mkubwa, Alfonso, akachukua chombo cha kupokelea akaenda nyuma ya kilima, na bunduki mkononi, maana kule hawakuweza kuonana. Marconi akabonyeza. Mlio wa bunduki ukasikika kutoka ng'ambo ya kilima, mwendo wa yapata kilomita 2.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza na mama yake. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya huko, alimpokea vizuri, na mwezi Juni mwaka huo Marconi akaomba hataza yake. Wapo waliosema kwamba hakuvumbua kitu, kwamba cheche zilikuwa za Hertz na chombo cha kupokelea kilikuwa cha Branly na Lodge. Neno hilo lina ukweli wake, lakini wenye vyombo hivyo walikuwa wamevifanyia majaribio tu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania umbali. Mwaka 1897 alivuka maji ya Bristol Channel, na mwaka 1899 akavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Tarehe 12 Desemba, 1901, akiwa juu ya Signal Hill huko Newfoundland, alirusha tiara lililobeba waya mrefu katika upepo mkali, akatega sikio. Alisema kwamba alisikia nukta tatu za herufi S kutoka Poldhu, Uingereza, mwendo wa kilomita kama 3,400. Waliosikia ni yeye na msaidizi wake Kemp tu, na hata leo wapo wataalamu wanaotia shaka. Mwaka uliofuata, ndani ya meli Philadelphia, alizipokea habari zikiandikwa na mashine kwenye karatasi, tena mbele ya mashahidi, na akagundua kwamba usiku zilifika mbali kuliko mchana. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Kwa kile kifaa chetu cha ukutani, funzo kubwa limo katika habari za meli. Mitambo ya meli nyingi haikuweza kufika pwani moja kwa moja, kwa hiyo meli zilipokezana habari. Tarehe 14 Aprili, 1912, meli Amerika ilitoa habari ya barafu baharini, na aliyeipokea na kuipeleka mbele hadi kituo cha Cape Race alikuwa Titanic mwenyewe. Aliweza kwa sababu alizisikia pande zote mbili. Usiku ule ule Titanic aligonga barafu. Meli Californian haikuwa mbali, lakini mpiga simu wake alikuwa amelala; Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa.

Kifaa cha waifai ni meli ya katikati. Hakitengenezi intaneti; husikia na kurudia. Kikiwekwa mahali pasipofika kitu, kitarudia nini? Mahali pake ni kati ya ruta na chumba cha nyuma, pale ambapo simu ya mkononi bado yapata waifai vizuri. Kukiunganisha mara nyingi ni kazi ya kubonyeza kitufe cha WPS cha ruta, kisha cha kifaa kabla dakika 2 hazijapita. Kikitumia mkondo mmoja kusikia na kusema, mwendo wa intaneti hupungua kama nusu, na hilo si kosa la fundi. Tena mawimbi ya waifai ni mafupi, sentimita 12 au 6 hivi, wala hayapindi kama yale marefu yaliyomsaidia Marconi nyuma ya kilima. Ukuta wa zege, bati na tangi la maji huyazuia. Kiwekeni juu, wala msikifiche nyuma ya kabati.

Marconi mwenyewe aliyarudia mawimbi mafupi uzeeni. Mwaka 1933 aliunganisha Vatikani na Castel Gandolfo kwa simu ya mawimbi ya chini ya mita moja, marefu kuliko ya waifai lakini jamaa zake wa karibu.

Heshima hiyo yote ina doa. Mwaka 1923 aliingia katika chama cha Mafashisti, na mwaka 1930 Mussolini akamfanya rais wa Akademia ya Italia. Mtu aliyewezesha mabaharia wa mataifa yote kusikilizana aliutumikia utawala uliowanyamazisha raia zake, na sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi jambo hili.

Alifariki Roma tarehe 20 Julai, 1937. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika 2. Mwaka 1941 mwili wake ulihamishiwa Pontecchio, ukazikwa katika kaburi lililochimbwa chini ya Villa Griffone, nyumba ile ile ambayo darini mwake kengele ililia.