Hayati Ralph DePalma, Dereva Aliyesukuma Gari

Safari hii tunamkumbuka dereva wa mashindano ambaye vijana wetu wengi hawajapata kumsikia. Ralph DePalma alizaliwa Biccari, kusini mwa Italia, miaka ya 1880. Wazazi wake walihamia Marekani akiwa mtoto. Alianza na mashindano ya baiskeli na pikipiki kabla ya kushika usukani wa gari.

Mwaka 1912 alishiriki mashindano makubwa ya Indianapolis, mizunguko 200, yaani kilomita 800 na ushee. Gari lake Mercedes liliongoza kwa mizunguko 196. Watu walikwisha kumhesabu mshindi. Ikiwa imebaki mizunguko miwili hivi, chuma kimoja ndani ya injini kikavunjika, na gari likaanza kujikokota mpaka likazimika kabisa. DePalma alishuka pamoja na fundi wake, Rupert Jeffkins wa Australia, aliyekuwa amekaa pembeni yake. Wakalisukuma gari kwa mikono hadi mbele ya jukwaa, jasho likiwatoka, umati ukiwashangilia. Kumbe bado ulibaki mzunguko mmoja, na sheria haikuhesabu gari la kusukumwa. Joe Dawson akawapita, akachukua ushindi na dola 20,000. DePalma alimwendea, akampa mkono wa pongezi.

Hakuwa mpole tu, alikuwa na ujanja pia. Mwaka 1914 huko Santa Monica, katika kugombea Kombe la Vanderbilt, aliwaashiria mafundi wake kwamba angesimama mzunguko uliofuata. Mpinzani wake Barney Oldfield aliona ishara ile, naye akasimama kubadili matairi. DePalma hakusimama! Alishinda kwa gari lililokuwa na mwendo mdogo kuliko la mwenzake.

Mwaka 1915 alirudi Indianapolis, na Mercedes tena. Karibu na mwisho injini ikaharibika vilevile. Safari hii ilivumilia, akafika wa kwanza. Mwaka 1919, katika ufuko wa Daytona, aliendesha gari la Packard kwa mwendo wa kilomita 241 kwa saa, rekodi ya wakati ule.

Alifundisha kazi mpwa wake, Peter DePaolo, aliyeketi kiti cha fundi kando yake. Kijana huyo alishinda Indianapolis mwaka 1925. DePalma alifariki California mwaka 1956. Hata hivyo, wapenzi wa mashindano wanapomtaja, wengi huanza na gari lile la mwaka 1912.