Abubakar ar-Razi, Tabibu wa Rayy

Abubakar Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa Rayy, nchi ya Uajemi, mwaka 251 wa Hijria (865). Alikuwa mkuu wa hospitali mjini kwao, kisha Baghdad. Katika Kitab al-Asrar alivipanga vitu kwa jinsi zake, akaeleza qali, yaani magadi ya majivu ya mimea, jinsi itiwavyo maji na chokaa hata ikazidi ukali. Neno hilo la Kiarabu Wazungu walilichukua, ndilo alkali. Alipofuka uzeeni, akafariki mwaka 313 (925).

Leo kijana wa Kisanga, huko Kilosa, hufunzwa shuleni kwamba asidi na alkali zikikutana kwa kadiri, ukali wa zote mbili huondoka, zikawa chumvi na maji. Basi asidhani elimu hiyo ni ngeni kwa Waislamu.