Joseph Whitworth: Fundi aliyeipa dunia kipimo kimoja cha bolti

MMILIKI wa gari la kale la Kiingereza, liwe gari dogo la michezo aina ya MG au Land Rover ya miaka ya 1950, hukutana na tatizo moja kabla hata hajafungua injini. Spana namba 13 haiingii kwenye nati. Namba 14 inaingia lakini inacheza. Akilazimisha, kona za nati zinaliwa, na kazi ya dakika tano inageuka kuwa kazi ya patasi na msumeno wa chuma.

Kwa wakazi wa pwani ya Kilwa na Lindi tatizo hilo ni kubwa zaidi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huleta kutu inayogandisha bolti mapema kuliko bara. Vipuri vingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka mjini Lindi, kwa barabara kuu moja. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo eneo la Somanga wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Katika hali kama hiyo, bolti moja iliyoharibika inaweza kumgharimu mwenye gari, mwenye trekta au mwenye mashine ya kukamua ufuta siku kadhaa bila kipato.

Nati hiyo inayokataa spana za kawaida ina historia, na historia yake inaanzia kwa mtu mmoja, Sir Joseph Whitworth wa Uingereza. Herufi W au BSW zilizochongwa kwenye spana nyingi za zamani zinatokana na jina lake. Ajabu ni kwamba kipimo kinachowasumbua wamiliki wa magari ya kale leo ndicho kilichomaliza usumbufu mkubwa zaidi katika viwanda vya karne ya 19.

Mtoto wa mwalimu katika kinu cha pamba

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803, katika mji wa Stockport, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ambaye baadaye alikuwa mchungaji. Mama yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto, naye akapelekwa shule ya mbali na nyumbani.

Alipofikisha miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake huko Derbyshire, aliyekuwa na kinu cha kusokota pamba. Familia ilitarajia kuwa kijana huyo angejifunza biashara na siku moja awe mshirika katika kinu hicho. Yeye hakuvutiwa na pamba wala na vitabu vya hesabu za mauzo. Kilichomvutia ni mashine. Alijifunza kuziendesha na kuzitengeneza zote, na akaona zilivyoundwa vibaya. Sehemu hazikukaa sawasawa, na kila kilichoharibika kilihitaji kuchongwa upya kwa mkono.

Akiwa na miaka kama 18 aliondoka kwa mjomba wake na kwenda Manchester kufanya kazi ya ufundi katika karakana. Aliacha urithi wa kinu na kuchagua ujira wa kibarua, uamuzi ambao wazazi wengi, wa wakati ule na wa sasa, wangeuona kuwa hasara.

Somo la bapa tatu

Mwaka 1825 alihamia London pamoja na mkewe Fanny na kupata kazi kwa Henry Maudslay, aliyekuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa mashine nchini humo. Baadaye alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, aliyekuwa akitengeneza sehemu za mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage.

Huko London ndiko alikoshughulikia suala lililo msingi wa ufundi wote wa chuma, yaani namna ya kupata uso wa chuma ulionyooka kabisa. Mafundi wa wakati huo walisugua bapa mbili za chuma kwa unga mkali. Njia hiyo ina kasoro, kwa sababu bapa moja inaweza kuwa na kibonde na nyingine kinundu, zikakaa pamoja vizuri huku zote mbili zikiwa zimepinda.

Whitworth alitumia bapa tatu. Alilinganisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha ya tatu na ya kwanza, na kila palipogusa alikwangua kidogo kidogo kwa kifaa cha mkono. Bapa tatu haziwezi kukubaliana zote kwa zamu mpaka ziwe zimenyooka kweli. Kwa njia hiyo fundi asiye na mashine yoyote ya kisasa anaweza kujitengenezea kipimo anachoweza kukiamini.

Mwaka 1833 alirudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke, na kuweka kibao kilichomtambulisha kuwa mtengeneza zana kutoka London. Biashara ilikua haraka. Alitengeneza mashine za kukereza, kutoboa na kuranda chuma. Kwa hesabu yake mwenyewe, kunyoosha futi moja ya mraba ya chuma kwa patasi na tupa kuligharimu shilingi 12 za Kiingereza, lakini mashine za kuranda zilipoenea gharama hiyo ilishuka hadi chini ya peni moja.

Kila karakana na bolti yake

Tatizo lililobaki lilikuwa bolti. Kila kiwanda kilikata thredi kwa namna yake. Bolti ya nusu inchi kutoka karakana moja haikuingia kwenye nati ya nusu inchi kutoka karakana ya mtaa wa pili. Mashine ikiharibika mbali na ilikotengenezwa, mwenyewe alikuwa na njia mbili tu, ama kuagiza bolti kwa mtengenezaji yule yule na kusubiri, ama kumlipa fundi achonge nyingine.

Whitworth hakuanza kwa kubuni kipimo chake na kuwalazimisha wenzake. Alikusanya bolti kutoka karakana kubwa za Uingereza, akazipima, na kuchukua wastani wake. Mwaka 1841 aliwasilisha pendekezo lake kwa Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London. Mteremko wa thredi uwe nyuzi 55 kwa bolti zote, na kila unene wa bolti uwe na idadi maalumu ya thredi kwa kila inchi. Robo inchi ilipewa thredi 20, nusu inchi 12, na inchi moja 8.

Kwa kuwa kipimo hicho kilikuwa wastani wa vipimo vilivyokuwapo, hakuna kiwanda kilichotakiwa kubadili mambo mengi mno. Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa waliokipokea mapema, kisha vikafuata viwanda vingine.

Faida yake ilionekana wazi wakati wa Vita vya Crimea miaka ya 1850. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji haraka injini za boti nyingi za mizinga. Mtengenezaji John Penn alifungua injini za mfano, akagawa sehemu zake kwa karakana mbalimbali nchini, na sehemu hizo ziliporudi zikaunganishwa. Injini 90 zilikamilika kwa siku 90. Kabla ya kuwa na kipimo kimoja, kazi ya kugawana namna hiyo isingewezekana.

Bunduki nzuri isiyonunuliwa

Si kila jambo lilimwendea vizuri. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilimwomba achunguze utengenezaji wa bunduki. Aliunda bunduki yenye mtutu wa pembe sita ndani, iliyolenga shabaha kwa mbali kuliko ile ya jeshi. Hata hivyo, jeshi la Uingereza halikuichukua. Ilikuwa ghali, na mtutu wake mwembamba ulijaa masizi ya baruti upesi. Wanunuzi mmojawapo walikuwa wanajeshi wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Mfanyabiashara anaweza kuona tofauti kati ya kazi hizo mbili. Bolti ilishinda kwa sababu ilipunguza gharama ya kila mtu. Bunduki ilishindwa sokoni ingawa ilikuwa bora, kwa sababu ubora wake ulizidi bei ambayo mnunuzi mkuu alikuwa tayari kulipa.

Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana 30 kila mwaka, kila mmoja pauni 100. Waombaji walitakiwa kuonyesha elimu ya darasani na pia uwezo wa kutumia zana kwa mikono yao. Ufadhili wenye jina lake bado unatolewa. Mwaka 1869 alipewa cheo cha Sir. Alifariki Januari 22, 1887, huko Monte Carlo, bila kuacha mtoto. Sehemu ya mali yake ilisaidia kuanzisha jumba la sanaa linaloitwa kwa jina lake mjini Manchester, pamoja na hospitali.

Vipimo viwili vyakutana Nachingwea

Marekani haikumfuata Whitworth. Mwaka 1864 William Sellers alipendekeza thredi ya nyuzi 60, iliyokuwa rahisi kukata, na nchi hiyo ikaifuata. Kwa miongo kadhaa mataifa hayo mawili yalitengeneza bolti zinazofanana kwa macho lakini zisizoingiliana vizuri.

Matokeo yake yalifika hadi kusini mwa Tanganyika. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947, ulikuwa na eneo Nachingwea, ambayo leo imo mkoani Lindi. Mpango huo ulinunua matrekta ya Kimarekani yaliyobaki baada ya vita huko Ufilipino. Aidha, ulileta matrekta ya Shervick, yaliyoundwa Uingereza kwa kutumia sehemu za vifaru vya Kimarekani vya Sherman. Waliyoyaunda ni Vickers-Armstrongs, kampuni iliyokuwa imerithi pia kiwanda cha Whitworth. Matrekta mengi ya mpango huo yaliharibika ndani ya muda mfupi, na uhaba wa vipuri na mafundi ulikuwa miongoni mwa sababu za mpango wenyewe kuachwa mwaka 1951.

Mwezi Novemba 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia thredi moja ya nyuzi 60. Mwaka 1965 Uingereza ilitangaza kuwa kipimo cha Whitworth kimepitwa na wakati na viwanda vihamie milimita. Hata hivyo, thredi ya nyuzi 55 haikufa. Mabomba ya maji yanayotumika Tanzania, kuanzia ya nyumbani hadi ya pampu za umwagiliaji, bado yanafuata mteremko wa Whitworth.

Zana za kuanzia nyumbani

Kwa anayetaka kutengeneza gari la kale la michezo nyumbani, au mashine yoyote ya umri huo, historia hii inatoa mpangilio wa manunuzi. Kwanza ajue mashine yake ni ya kipimo gani. Datsun 240Z, ambayo Shekhar Mehta aliendesha na kushinda Safari Rally mwaka 1973, ni ya milimita. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960, kama MGB, kwa sehemu kubwa ni ya inchi za kipimo cha pamoja cha 1948. Ya kabla ya hapo mara nyingi ni ya Whitworth au ndugu yake mwenye thredi nyembamba, BSF.

MG TC ya mwaka 1945 hadi 1949 inahitaji uangalifu wa pekee. Thredi za injini yake ni za milimita lakini vichwa vya bolti ni vya Whitworth, kwa sababu kiwanda kilichotengeneza injini hizo kilinunuliwa kutoka kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss. Spana sahihi haimaanishi kuwa bolti ya dukani nayo ni sahihi.

Pili, asome namba za spana kwa makini. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa mdomo. Iliyoandikwa robo inchi W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Ndiyo maana 13 inakataa na 14 inakula kona.

Tatu, kabla ya kununua zana nyingi, anunue kichana cha kupimia thredi na kalipa. Vitu hivyo viwili vinaokoa fedha kuliko seti kubwa ya spana zisizofaa. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina thredi 12 kwa inchi na ya Kimarekani 13. Nati ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko michache kisha inakwama, na anayeendelea kukaza anaharibu zote mbili.

Baada ya hapo zifuate spana za ringi na soketi za kona sita, ambazo hushika nati yenye kutu vizuri kuliko za kona kumi na mbili. Pia fila geji ya valvu na platini, jeki moja na stendi mbili imara, kwani kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni hatari kwa maisha. Mafuta ya kulainisha kutu yapakwe usiku, bolti ifunguliwe asubuhi. Spana malaya iwe ya mwisho kuguswa, si ya kwanza.

Kwa mwenye mashine Kilwa au Lindi, wakati wa kufanya ukaguzi huo ni kabla ya masika. Achukue bolti moja moja, aipime, aandike kipimo chake kwenye daftari na kuweka akiba ya zile zinazoharibika mara kwa mara. Barabara ikikatika, daftari hilo na kopo la bolti zinazoingiana vitaamua kama mashine itasaga kesho au itasubiri lori.