Edsel Ford

Edsel Bryant Ford (Detroit, Michigan, 6 Novemba 1893 – Grosse Pointe Shores, Michigan, 26 Mei 1943) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani. Alikuwa rais wa kampuni ya magari ya Ford kuanzia mwaka 1919 hadi kifo chake. Alikuwa mtoto pekee wa ndoa ya Henry Ford, mwanzilishi wa kampuni hiyo, na Clara Bryant. Ingawa alishika cheo hicho kwa miaka 24, neno la mwisho lilibaki kwa baba yake.

Maisha ya awali

Edsel alipewa jina la Edsel Ruddiman, rafiki wa baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 9 kampuni ya Ford ilipoanzishwa mwaka 1903. Baada ya shule hakwenda chuo kikuu, bali aliingia moja kwa moja katika kazi ya baba yake. Mwaka 1915 akawa katibu wa kampuni. Tarehe 1 Novemba 1916 alimwoa Eleanor Lowthian Clay, wakapata watoto wanne: Henry, Benson, Josephine na William.

Rais wa kampuni

Edsel alipewa urais akiwa na umri wa miaka 25, baada ya Henry Ford kujiuzulu. Mwaka huohuo wa 1919 familia ilinunua hisa zote za wanahisa wengine. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa nje aliyeweza kumzuia Henry Ford, naye aliendelea kutoa amri na hata kufuta maamuzi ya mwanawe.

Tofauti yao kubwa ilihusu gari la Model T, lililotengenezwa tangu mwaka 1908. Kampuni ya General Motors ilipoanza kuvuta wateja kwa magari ya Chevrolet, Edsel alitaka gari jipya, lakini baba yake alikataa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1927, baada ya magari milioni 15, utengenezaji wa Model T ulisimamishwa. Badala yake lilitolewa Model A mnamo Desemba mwaka huo. Edsel alisimamia umbo lake, na baba yake akashughulikia mitambo.

Edsel alipata uhuru zaidi katika Lincoln, kampuni ya magari ya kifahari iliyonunuliwa na Ford mwaka 1922. Pamoja na mbunifu Eugene Gregorie alitengeneza gari la Lincoln Continental mwaka 1939, ambalo mwanzoni lilikusudiwa kwa matumizi yake mwenyewe. Chapa ya Mercury pia ilianzishwa kwa juhudi zake.

Migogoro na vita

Katika miaka ya 1930 Henry Ford alimtegemea zaidi Harry Bennett, mkuu wa walinzi wa kampuni, aliyepambana na vyama vya wafanyakazi kwa nguvu. Tarehe 26 Mei 1937 watu wa Bennett waliwapiga viongozi wa chama nje ya kiwanda cha River Rouge. Edsel alipendelea mazungumzo, lakini mkataba na chama ulitiwa saini mwaka 1941 tu, baada ya mgomo mkubwa.

Mwaka 1940 Edsel alikubali kampuni itengeneze injini za ndege za Rolls-Royce kwa ajili ya Uingereza, lakini baba yake alivunja makubaliano hayo. Baadaye alisimamia kiwanda kikubwa cha Willow Run, kilichotengeneza ndege za kivita za B-24.

Kifo na urithi

Edsel alifariki kwa saratani ya tumbo akiwa na umri wa miaka 49. Henry Ford, aliyekuwa na miaka 79, alirudi kwenye urais. Mwaka 1945 Eleanor alitishia kuuza hisa zake, na cheo kikapewa Henry Ford II, mtoto wa kwanza wa Edsel. Huyo alimfukuza Bennett mara moja.

Edsel alikuwa pia mfadhili wa sanaa. Aligharimia michoro ya ukutani ya Diego Rivera katika makumbusho ya sanaa ya Detroit, iliyokamilika mwaka 1933, na aliitetea wengi walipotaka ifutwe. Michoro hiyo ipo hadi leo.

Mwaka 1936 alianzisha Ford Foundation kwa mchango wa dola 25,000. Baada ya kifo chake na cha baba yake, sehemu kubwa ya hisa zao zilikwenda kwa taasisi hiyo, nayo ikawa miongoni mwa taasisi kubwa za misaada duniani. Ofisi yake ya Afrika ya Mashariki iko Nairobi, Kenya.

Mwaka 1957 kampuni ilitoa magari yaliyoitwa Edsel kwa heshima yake. Hayakupata wanunuzi wa kutosha, yakaachwa mwaka 1959. Kwa sababu hiyo watu wengi hulikumbuka jina lake kwa hasara ya gari ambalo hakulibuni yeye.