Lipton: Hasla wa Glasgow Aliyeomoka na Chai, Akachapwa Mara 5 Baharini

Panda mathree Kericho ikielekea Bomet, utaona majani chai mpaka macho yachoke. Jina Lipton umelijua tangu utotoni. Lakini ulijua kulikuwa na msee halisi mwenye jina hilo, na kwamba roho yake ilikuwa baharini kuliko shambani?

Thomas Lipton alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1848. Mbuyu na mathe walitoka Ireland, wakawa na kaduka ka mayai, siagi na nyama ya nguruwe. Aliacha shule mapema, akapata kazi ya utumishi kwenye meli ya Glasgow na Belfast. Baadaye akavuka hadi Marekani, akafanya vibarua vya tumbaku na mpunga, kisha kazi ya duka New York. 1871 alifungua duka lake Glasgow, na maduka yakazaana. 1890 alinunua mashamba ya chai Ceylon, Sri Lanka ya leo, akauza chai kwa pakiti na kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu.

Ameomoka. Unadhani alijifungia kwenye jumba? Zii. 1898 alinunua Erin, meli ya starehe, na misimu ya mashindano alikaa humo na wageni wake. Kisha akaunda mashua ya matanga, Shamrock, akatafute America's Cup. 1899, akachapwa. 1901 na 1903, hivyo hivyo. 1920 alishinda mbio 2 za kwanza, ikabaki moja tu achukue kombe, Wamarekani wakashinda 3 mfululizo. 1930 akarudi na Shamrock ya tano. Akachapwa tena.

Hakununa. Wamarekani walimpenda hadi wakachanga pesa, wakamtengenezea kombe lake la dhahabu. Lakini huko Uingereza, klabu ya masonko, Royal Yacht Squadron, ilimfungia mlango miaka mingi, ikisemekana ni kwa vile alikuwa muuza duka. Walimkubali 1931. Oktoba mwaka huo huo akafa, bila mtoto, na mali yake nyingi ikaenda kwa wahitaji wa Glasgow.

Sasa Kericho inaingia wapi? Chai ya makampuni makubwa pale ilianzishwa na Brooke Bond na James Finlay miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa. Jina la Lipton lilifika baadaye sana, baada ya Unilever kununua Lipton na Brooke Bond zote mbili. 2022 Unilever iliuza biashara hiyo ya chai, ikaitwa Lipton Teas and Infusions. 2024 nayo ikatangaza kuuza mashamba ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, nchi ile ile Lipton alikoanzia chai.

Mabosi wamebadilishana, mchumaji bado yuko na kikapu mgongoni. Lipton alionja kudharauliwa kwa sababu ya kazi yake, lakini angalau jina lake liko kwenye pakiti. La mama anayechuma Bomet haliko.